Chawa wa Chiriku

Jumapili, 3 Machi

Leo nimemkuta chawa kichwani kwa mwanangu.

Mvua haijakatika tangu juzi. Nguo zimejaa sebuleni, nyingine kwenye viti, nyingine mlangoni, nyingine kwenye kamba niliyoifunga kutoka dirishani hadi kabatini, na nyumba nzima inanuka uvundo. Baada ya chakula cha mchana nilimkalisha Chiriku kando ya dirisha, penye mwanga, nimfumue nimsuke upya kwa ajili ya shule. Tunamwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hajanyamaza. Ana miaka minane, nywele nene zinazofika mabegani, na hadithi zake hazina kituo. Alikuwa ananieleza jinsi mwalimu wao alivyokalia chaki. Nikagawa nywele nyuma ya sikio la kulia, nikaona punje ya ufuta. Punje ikatembea.

Mimi ni muuguzi. Huu ni mwaka wa kumi na nne niko chumba cha vidonda pale kituo cha afya. Nimekamua majipu yakanirukia hadi kwenye barakoa. Nimetoa funza kwenye sikio la mzee mmoja, mmoja baada ya mwingine, nikanawa mikono nikaenda kula. Sijawahi kutapika kazini hata siku moja. Leo niliacha kitana kinaning'inia kwenye nywele za mtoto, nikakimbilia chooni nikatoa chakula chote.

Niliporudi akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Nikarudia kutazama, kwa mbali safari hii, kwa ncha ya kitana. Kisogoni yapo mayai, mengi, yameng'ang'ania unywele mmojammoja kama vitone vya gundi iliyokauka. Ukiyavuta hayatoki. Nikapata chawa wa pili, ameshiba, tumbo jekundu. Nilimminya kati ya kucha mbili bila kufikiri. Alitoa mlio. Damu ile iliyobaki kwenye ukucha wangu ni ya mwanangu, najua, lakini nilisugua kidole kwa sabuni na brashi mpaka ngozi ikachubuka.

Jumatatu, 4 Machi

Nimenunua dawa ya chawa. Sikununua duka la dawa la hapa karibu, maana yule mfamasia ananijua. Nilishuka vituo vitatu mbele, nikamwambia muuzaji ni ya mgonjwa wangu. Hakuwa ameniuliza.

Jumanne, 5 Machi

Jioni nilimpaka dawa, nikamfunika mfuko wa nailoni kichwani dakika kumi kama maelekezo yanavyosema, nikamsuuza, nikamchana juu ya beseni jeupe. Nilivaa glavu za kazini, jozi mbili, moja juu ya nyingine. Walianguka kama pilipili manga. Baadhi walikuwa bado wanachezesha miguu. Chiriku akataka kuwahesabu, nikamwambia aangalie ukutani.

Mume wangu akasimama mlangoni anacheka. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na ana upara unaong'aa kuliko milango anayotengeneza. Alisema hata chawa wakija kwake watateleza wavunjike shingo. Chiriku alicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Baada ya hapo nilipulizia dawa ya mbu kwenye godoro lake, kwenye makochi, kwenye mapazia na kwenye begi la shule. Chiriku aliniuliza kama ile dawa inaua chawa pia. Nikamjibu inaua kila kitu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Shuka hazijakauka. Nimejikuna siku nzima.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeshajua wametoka wapi.

Mlango unaotazamana na wetu anakaa Mama Pacha, fundi wa kushona mapazia. Chumba chake cha mbele huwezi kuona sakafu kwa vipande vya vitambaa, na mabinti zake wawili, wanaosoma darasa moja na Chiriku, wanalala juu ya lile lundo kama paka. Mwanangu akitoka shule hukaa kwao mpaka nirudi kutoka kazini saa kumi na moja, na hulala humohumo, vichwa vitatu pamoja. Nywele za wale watoto sijawahi kuziona zimechanwa. Siku moja nilimwona Mama Pacha mwenyewe ana uzi wa kijani kichwani, na kesho yake uzi uleule bado upo.

Sikumwambia kitu. Nimehamisha tu nguo zangu kutoka kwenye kamba ya pamoja ya korido, na nimemchongea Chiriku ufunguo. Kuanzia Jumatatu akitoka shule aingie ndani, afunge komeo, afanye kazi za shule, asimfungulie mtu.

Aliuliza kwa nini. Nilimwambia ameshakuwa mkubwa.

Jumapili, 10 Machi

Nimemkagua tena. Wapo, wadogo safari hii, weupe kidogo, wametoka kwenye mayai. Mimi ndiye ninayewaambia akina mama kituoni kwamba dawa haimalizi mayai, lazima urudie baada ya siku saba hadi kumi, na kwamba chawa hawaulizi kama umeoga. Nawaambia kwa sauti ya upole niliyoizoea. Kumbe nayasema tu. Leo ningemsikia mtu ananiambia maneno hayo ningemrushia beseni.

Chiriku alinikimbilia jikoni, akanishika kiunoni kwa nyuma kama anavyofanya, akaegemeza kichwa mgongoni mwangu. Niliruka. Mwiko ukaanguka. Nikasema nilidhani nimeungua.

Jumatatu, 11 Machi

Mume wangu amenitazama kichwani kwa tochi ya simu. Hakuna kitu. Nimemwambia atazame tena. Hakuna kitu. Lakini nawasikia wanatembea.

Jumanne, 12 Machi

Kazini limenikuta jambo. Shule ya Chiriku imeandika barua kituoni kwamba watoto wengi wanajikuna, wanaomba muuguzi aje kukagua vichwa darasa la pili na la tatu. Mkuu wa kituo amenipanga mimi, Alhamisi. Alisema kwa kuwa mwanangu yuko hapohapo, watoto hawataogopa.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba haikuwa hivi.

Waliniwekea meza kwenye veranda ya shule, mvua inapiga bati, huwezi kusikia hata mtu akikwambia jina lake. Watoto wakapanga foleni. Nilikuwa na glavu, kijiti cha mbao, orodha ya majina, na mwalimu wa darasa amekaa pembeni anasoma majina. Mwalimu huyu ni mwanamke wa makamo asiyecheka ovyo, anayekutazama juu ya miwani kana kwamba umechelewa hata kama umewahi.

Nilikagua vichwa sabini na kitu. Sitaki kueleza nilichokiona kwenye baadhi. Mmoja kisogo kilikuwa na vidonda vya kujikuna vimetunga usaha, na ndani ya ule utando wa usaha walikuwa wanaogelea. Nilisafisha vidonda vile kwa mkono mtulivu. Tisa niliwaandikia barua warudi nyumbani mpaka watibiwe. Wa sita alikuwa binti anayekaa dawati moja na Chiriku, mtoto mwembamba anayelelewa na babu yake. Alipopewa barua aliuliza kama atakosa mtihani.

Mabinti wa Mama Pacha walikuja wote wawili pamoja. Nikawakagua muda mrefu kuliko mtoto mwingine yeyote. Niligawa nywele mstari kwa mstari, nyuma ya masikio, kisogoni, utosini, nikarudia. Ngozi safi, imepakwa mafuta, hakuna hata yai moja. Nilikasirika. Ndivyo ilivyokuwa, nilikasirika kwamba hawana chawa.

Halafu akaja mwanangu.

Aliinamisha kichwa mwenyewe, bila kuambiwa, kwa sababu amezoea. Niligawa nywele mara moja tu, utosini, na pale pale kwenye njia nyeupe ya ngozi akapita mmoja, anatembea bila haraka, mbele ya macho yangu. Mwalimu alikuwa ameshika kalamu.

Nikasema, "Safi."

Mwalimu akaandika. Chiriku akainua uso akanitazama. Nilimwambia apishe mwenzake.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Hajazungumza tangu jana, ila akiulizwa.

Jumamosi, 16 Machi

Nimempaka dawa mara ya pili, nimechelewa siku moja. Nimemwambia hili ni la nyumbani, la mimi na yeye na baba, halitoki nje. Aliniuliza kama yule rafiki yake wa dawatini amerudishwa nyumbani kwa sababu ana chawa au kwa sababu mama yake si muuguzi. Mama yake alishafariki. Nilimwambia akae vizuri dawa isimwingie machoni.

Mume wangu alingoja mtoto atoke chumbani. "Unamchambua kama mchele wenye mawe," alisema. "Tena unamshika kama umeshika panya mkia. Anaona, mke wangu. Si mjinga."

Nikamwambia yeye hana nywele, hajui. Akasema kweli, hajui, akamfuata mtoto.

Jumanne, 19 Machi

Nimetenga taulo lake, mto wake, kiti chake na kikombe chake. Kikombe hakina maana yoyote, najua, chawa hawanywi chai. Nimekitenga hivyo hivyo.

Nguo za ndani zimeota madoa meusi ya unyevu. Kila kitu kwenye nyumba hii kinaota kitu.

Ijumaa, 22 Machi

Jana sikuandika. Leo naandika nikiwa nimekaa kituoni, kitandani kwa Chiriku, kwenye chumba cha mapumziko.

Jana saa kumi alasiri nilikuwa nafunga bandeji mguu wa mzee mwenye kisukari. Simu ikalia. Nikaona ni Mama Pacha, nikakata. Nilidhani atalalamika kwamba mwanangu haendi tena kwao. Akapiga tena, nikakata tena. Nikamaliza bandeji yangu vizuri, nikaibandika plasta, nikamwambia mzee arudi Jumatatu.

Dakika kama kumi baadaye nikasikia kelele mapokezi. Nikatoka. Mama Pacha alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, peku, maji yanamtiririka, na mikononi amebeba kitu kimefungwa kwenye kitambaa kizito cha pazia, kitambaa cha mteja, cha dhahabu. Kitu kile kilikuwa kinakohoa. Kabla sijaona uso nilisikia harufu ya dawa ya mbu.

Chiriku alikuwa amejipulizia kopo zima. Alikaa bafuni, akafumua nywele mwenyewe, akapulizia mpaka zikalowa chepechepe, kisha akavaa mfuko wa nailoni kichwani na kuufunga kwa kamba ya kiatu, kama nilivyokuwa nikimfanyia mimi na ile dawa nyingine. Pacha mmoja ndiye aliyesikia kikohozi kupitia mlangoni, na harufu inatoka chini ya mlango. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, kama nilivyoagiza. Mama Pacha alivunja dirisha la jikoni kwa pasi ya chuma, akapita na vioo hivyo hivyo, mkono wake una mikato mitatu. Alimtoa ule mfuko, akamwagia maji ndoo mbili, akanipigia mimi, nikakata, akambeba akakimbia naye.

Macho ya mwanangu yalikuwa yamevimba, hayafunguki. Kifua kinapiga filimbi. Alikuwa ametapika kwenye kile kitambaa. Ngozi ya kichwa, kuanzia kwenye paji mpaka kisogoni, ilikuwa nyekundu, na kwenye mstari wa ile kamba imeanza kutoa malengelenge. Na humo humo, ndani ya nywele zilizoshikana kwa dawa, nikawaona wamekufa, wamelala chali. Nikaona kinyaa. Mwanangu anatafuta hewa na mimi nikaona kinyaa. Sijui nitakiweka wapi hicho.

Daktari wa zamu ni kijana mdogo kwangu, mimi ndiye niliyemfundisha kufunga vidonda alipokuja. Alinishika bega akanisogeza. "Leo wewe ni mama, Dada," alisema. "Kaa pale." Wakamvua nguo, wakamwekea hewa ya oksijeni, wakamwosha macho kwa maji ya chumvi muda mrefu sana, wakamwosha kichwa kwa sabuni na maji, tena na tena, naye analia anatafuta mkono wa kushika. Mkono alioupata ulikuwa wa Mama Pacha.

Niliinuka nikaenda. Nikamwekea kiganja shavuni. Alipojua ni mimi akavuta kichwa kando, kwa nguvu, mpaka kile kinyago cha oksijeni kikamtoka puani.

"Usinishike, Mama. Bado wapo."

Wakamrudishia kinyago. Mimi nilibaki na mkono hewani.

Jumamosi, 23 Machi

Kifua kimetulia. Macho yanafunguka. Daktari anasema ana bahati, dakika chache zaidi ndani ya ule mfuko tungekuwa tunazungumza mengine. Mume wangu hajanilaumu kwa neno hata moja. Anakaa upande wa pili wa kitanda, ameshika mguu wa mtoto, ananitazama, kisha anatazama dirishani. Afadhali angenitukana.

Asubuhi Chiriku aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, sauti imekauka. Alitaka wafe wote siku moja ili nikirudi kutoka kazini nimkute safi. Akasema, "Ulisema safi na sikuwa safi. Nikataka niwe."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua nyuma ya chumba cha takataka za kituo, pale tunapochomea bandeji zilizotumika. Panavyonuka pale kila mtu anajua. Nilikaa pale mpaka nikaona niko mahali pangu.

Jumapili, 24 Machi

Tumerudi nyumbani. Nilikwenda kwa Mama Pacha na kitambaa kipya cha dhahabu, kwa sababu kile kimeharibika. Alinikaribisha nikakaa juu ya lundo, hapakuwa na pengine.

Nilimwambia yote, kwamba niliwadhania wao, kwamba ndiyo maana nilimfungia mtoto ndani. Aliendelea kukata uzi kwa meno. Akaniambia yeye huwakagua mabinti zake kila Jumapili asubuhi, tangu wana mwaka mmoja, kwa sababu wateja wake ni watu wanaolipa mapazia ya sebuleni na hawataki kusikia habari za chawa. Alimwona Chiriku anajikuna tangu mwezi wa pili. Aliwafunga vitambaa kichwani mabinti zake walipokuwa wanalala pamoja, na akangoja.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Wewe ni muuguzi," alisema. "Ningekwambiaje? Ungeniona vipi?"

Ningemwona vilevile nilivyomwona. Mkono wake una nyuzi saba za kushona, kazi ya yule daktari kijana, na amezishona vizuri.

Jumatatu, 25 Machi

Nilikwenda shuleni kabla ya kazi. Nilimkuta mwalimu wa darasa anapanga madaftari. Nikamwambia kwamba siku ile ya ukaguzi nilimwona chawa kwa mwanangu na nikasema safi.

"Nilimwona na mimi," alisema. "Nilikuwa nimekaa karibu kuliko ulivyodhani."

Nikamuuliza mbona aliandika. Akasema yeye si muuguzi, aliandika alichoambiwa, na alikuwa anangoja nije. Kisha akavua miwani akaniambia jambo ambalo nilikuwa silijui. Yule binti wa dawati moja na Chiriku, aliporudi na barua, babu yake alimnyoa kwa wembe. Amerudi shuleni Ijumaa, watoto wanamwita Yai.

Nimemwomba mwalimu aniruhusu niseme na darasa. Amesema njoo Jumatano, ila muulize mtoto wako kwanza.

Nimemuuliza. Amefikiri, kichwa kimefungwa chachi kama kilemba. "Sema tu," amesema. "Wote wanajua."

Jumatano, 27 Machi

Nimesema. Sikuwapa somo la afya. Niliwaambia kwamba mtoto wangu alikuwa na chawa siku ile, kwamba niliona nikaficha kwa sababu niliona aibu, na kwamba wale tisa niliowarudisha nyumbani hawakuwa na kosa lolote zaidi yake. Nilikuwa naangalia nyuma ya darasa kwa sababu mbele sikuweza. Mkuu wa kituo nilikwisha kumweleza. Ameniondoa kwenye ukaguzi wa shule mpaka mwisho wa mwaka na barua imeingia kwenye faili langu. Ni haki.

Yule binti aliyenyolewa akanyoosha mkono. Akauliza kama na mimi nitajiandikia barua nirudi nyumbani.

Darasa likacheka. Mwalimu hakuwanyamazisha. Nikamwambia ndiyo, inastahili, na nikamwomba msamaha mbele yao, kwa kumtazama usoni, maana huyo sikuweza kumkwepa. Alikubali kwa kichwa. Kichwa chake kidogo, kina mikwaruzo ya wembe inayopona.

Jumamosi, 30 Machi

Mayai yamesalia. Dawa ya mbu iliua wazazi ikaacha watoto. Daktari amekataza dawa yoyote ya chawa mpaka ngozi ipone, kwa hiyo kimebaki kitana peke yake, na mafuta mengi, kila baada ya siku moja, wiki kadhaa. Chiriku hakutaka kukatwa nywele. Nilitaka kumlazimisha, baba yake akanitazama, nikaacha.

Nilivaa glavu. Mpira ukanata kwenye magamba ya malengelenge, akapiga yowe. Nikazivua. Hakuna njia nyingine, ngozi ile inahitaji kidole kinachohisi kinapopita.

Ilichukua saa mbili. Nilihisi kila yai chini ya kucha, kidonge kigumu kama punje ya mchanga. Nilitoa moja moja kwa kucha mbili. Magamba ya ngozi yakinata vidoleni, mafuta yakichuruzika kwenye viwiko, nywele zenye harufu ya dawa na kidonda. Sikuinuka.

Jumatatu, 1 Aprili

Mayai ishirini na mbili. Wadogo watatu.

Jumatano, 3 Aprili

Kumi na tisa. Amenisimulia robo ya hadithi kisha akaacha.

Ijumaa, 5 Aprili

Nane. Nguo zimekauka kwa mara ya kwanza. Chiriku ameanza tena kukaa kwa Mama Pacha akitoka shule. Mlango wetu hauna tena komeo la ndani, mume wangu amelikata kwa mashine yake.

Jumapili, 7 Aprili

Leo nilikuwa natoa nguo kabatini, nikajikuna nyuma ya sikio, na kitu kikabaki chini ya ukucha. Nimekaa nacho kitandani nakitazama. Kimefumbata unywele wangu kwa miguu yake sita kama mtu aliyeshika kamba.

Zile siku zote nilizojikuna sikuwa na kitu. Sasa ninaye.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimepaka dawa. Nimemwambia mkuu wa kituo, akanipa likizo ya siku mbili na kofia ya chumba cha upasuaji. Alijitahidi asirudi nyuma. Alirudi nusu hatua. Niliihesabu ile nusu hatua, na nikajua mwanangu alihesabu ngapi.

Ijumaa, 12 Aprili

Chiriku hana yai hata moja. Ngozi yake ya kichwa imekuwa ya waridi, nywele mpya zinachomoza kwenye lile kovu la kamba. Mume wangu amejitolea kunichana mimi. Ana vidole vya kuchomelea vyuma, alinitoa machozi, na hakuona kitu.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua imepungua, inanyesha asubuhi tu. Nimefua shuka zote. Kazini nimempokea mama mmoja, amemleta mtoto ana jipu shingoni, na amemfunga kitambaa kichwani ingawa ni mvulana na kuna joto. Nilijua kabla ya kukifungua. Aliniangalia kama mtu anayesubiri kofi. Nikatumbua jipu, nikamaliza, kisha nikavua glavu nikamwonyesha kwa mikono mitupu jinsi ya kugawa nywele. Kinyaa kilikuja vilevile. Sidhani kama kitaacha.

Walitoka wapi chawa wale wa kwanza sijui, na sitajua. Nimeacha kutafuta.

Jumapili, 21 Aprili

Hakukunyesha leo. Baada ya chakula nilitoa kiti nikakiweka koridoni, kwenye mwanga mkali, kwa sababu ilikuwa siku yangu ya kuchanwa na mume wangu kaitwa kwenye kazi ya geti. Chiriku akasema atanichana yeye. Nilikataa. Akasema anajua kuliko baba, amechanwa mara nyingi kuliko mtu yeyote kwenye jengo hili.

Nikakaa. Akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanipaka mafuta mengi mno, yakanichuruzika mpaka kwenye nyusi. Mabinti wa Mama Pacha walisimama pembeni wameshika beseni. Alikuwa ananigawa nywele kama nilivyokuwa nikimgawa yeye, mstari kwa mstari, na kunikemea kama nilivyokuwa nikimkemea, kaa vizuri, usitikisike.

Halafu kitana kikasimama.

"Nimempata," alisema. "Mkubwa."

Nilimsikia akimpangusa kwenye kitambaa. Mabinti wale wawili walirudi nyuma na beseni lao. Yeye alikuwa mgongoni kwangu, siwezi kuuona uso wake, na nilitamani sana kuuona, na sikugeuka.

Nikamuuliza, "Unaona kinyaa?"

Alifikiri. Hajawahi kunidanganya, mtoto huyu.

"Kidogo," alisema, akaniwekea mkono wake wote wenye mafuta shingoni. "Inama, Mama, nifike huku nyuma."

Nikainama.